Barua ya malalamiko: Injini ya trekta la kukatia nyasi iliyokufa kwenye saa ya 137

Karakana ya Shule,
Njombe.
14 Julai 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATALIWA KWA DHAMANA YA INJINI YA TREKTA DOGO LA KUKATIA NYASI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu pamoja na barua yenu ya tarehe 19 Juni 2025, iliyonifikia kwa WhatsApp ikiwa picha iliyokatwa pembeni. Nimeisoma, nikaenda karakana kuchukua daftari la mashine, ndipo nikakaa kuandika.

Mnasema injini yetu imekufa kwa "matunzo duni". Hamkuifungua. Kijana mliyemtuma alifika saa nne asubuhi, akapiga picha sita kwa simu, akanywa chai, akawahi basi la kurudi. Namshukuru kwa kufika, maana ni karibu kilomita 700, lakini bolti hata moja hakuigusa. Baada ya wiki mbili mkatuandikia chanzo cha ubovu kwa uhakika wa mtu aliyelala ndani ya silinda.

Mimi nimeifungua, nikiwa na Mkuu wa Shule na mwalimu wa fizikia kama mashahidi. Konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki, imekatika vipande, na kimojawapo kimetoboa bloku upande wa stata. Tundu lake linapitisha vidole viwili.

Mashine tuliinunua kwenu tarehe 6 Februari 2024 kwa shilingi 9,800,000, risiti ya EFD ninayo. Ni trekta la kukalia, upana wa kukata inchi 42, visu viwili, injini ya silinda moja ya sisi (cc) 500 iliyosimamishwa wima. Dhamana iliyotajwa kwenye profoma ni miezi 24. Injini ilikatika tarehe 22 Mei 2025, saa yake inayohesabu muda wa kazi ikisoma 137.

Kabla ya kununua tuliwaandikia barua ya ukurasa mmoja. Humo tulisema sisi ni shule, tuna uwanja wa mpira na maeneo ya mabweni, tuko Njombe, mita 1,900 na ushee kutoka usawa wa bahari. Tuliuliza: injini hii itafaa? Afisa mauzo wenu alijibu kwa simu, "Hiyo inakata hata msitu." Hatukuwa tumeomba kukata msitu.

Sasa nifungue kitabu cha injini, kile kilekile mlichokiweka kwenye boksi. Kinasema injini hupoteza asilimia 3.5 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko. Kinasema tena kwamba juu ya mita 1,524 injini ya kabureta lazima irekebishwe na wakala kwa ajili ya mwinuko, la sivyo itakosa nguvu, itakula mafuta na itatoa moshi zaidi. Wakala ni ninyi. Mwinuko mliujua, tuliwaandikia. Jeti ya mwinuko, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli, hamkuiweka, na kwenye fomu ya makabidhiano aliyosaini fundi wenu, mstari wa marekebisho ya kabureta ameuchora kistari.

Hesabu yake ni rahisi. Kwa mwinuko wetu tumepoteza zaidi ya asilimia 20 ya nguvu kabla hata ya kugusa jani. Ile nguvu ya farasi 17.5 iliyoandikwa kwenye boneti nayo imepimwa kwa mizunguko 3,600 kwa dakika, bila eksozi na bila chujio la hewa. Hilo pia limo kitabuni, kwa herufi za kutafuta kwa miwani. Si sisi wa kwanza kuuliza namba hizo zina maana gani. Huko Marekani wanunuzi walizishtaki kampuni kadhaa za mashine za nyasi na injini zake kuhusu nguvu zinazotangazwa, na kesi ikamalizwa mwaka 2010 katika mahakama ya shirikisho ya Milwaukee kwa makubaliano ya dola milioni 65. Simtuhumu mtu kwa hilo. Nataka muelewe kwamba mtu wa karakana anaweza kusoma kibandiko.

Lakini upungufu wa nguvu peke yake usingeniandikisha barua. Tungekata polepole. Kilichoua injini ni petroli.

Huku juu hewa ni nyepesi. Kabureta iliyowekewa jeti ya pwani inaendelea kumimina petroli ileile wakati hewa imepungua, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito. Saa ya 9 tu niliandika daftarini: plagi nyeusi, masizi makavu, moshi mweusi ikipewa mzigo. Nikawapigia. Mkasema injini mpya hufanya hivyo, itazoea. Saa ya 22 nikabadilisha plagi. Saa ya 40 nyingine. Petroli isiyoungua haipotei hewani yote. Sehemu yake huteremka kando ya pistoni, ikaosha utando wa oili kwenye ukuta wa silinda na kuishia chini kwenye oili. Saa ya 62 nikakuta kijiti cha kupimia oili kinasoma juu ya alama ya mwisho na kinanuka kama pampu ya kituo cha mafuta.

Najua mtakachosema, kwa sababu nami ndilo nililolifikiria kwanza: sindano ya kabureta haizibi, mafuta yanavuja usiku. Kwenye mashine hii tangi liko juu ya kabureta, hakuna pampu ya mafuta, kwa hiyo hilo linawezekana. Nikafunga koki ya tangi kila jioni kwa wiki mbili. Asubuhi kipimo kilikuwa palepale kilipolala. Baada ya kazi ya saa tano kimepanda, kinanuka. Petroli ilikuwa inaingia injini ikifanya kazi, si ikiwa imelala. Niliwatumia picha za kijiti, asubuhi na jioni, na tarehe zake. Alama za buluu zilionekana. Jibu sikupata hadi leo.

Na injini yenyewe haina uvumilivu wa kosa la namna hiyo. Haina pampu ya oili wala chujio la oili. Ina gia ndogo yenye vijiko inayorusha oili huku na huku. Konrodi ni ya aluminiamu, inakaa moja kwa moja kwenye krenki, hakuna beringi ya kubadilisha. Injini kama hiyo roho yake ni ule utando mwembamba wa oili. Sasa oili imekuwa kama maji ya kuoshea mchele. Nilipofungua, shingo ya krenki ilikuwa imeganda madoa ya aluminiamu na imebadilika rangi kuwa ya samawati kwa joto, wakati oili iliyobaki chini ilikuwa nyingi, si pungufu. Injini zilizoishiwa oili nimeziona nyingi katika miaka 19 ya kazi hii. Hii haikuishiwa. Ililewa.

Nilikuwa namwaga oili kila baada ya saa 15 badala ya 50 ili kuiokoa. Gharama hiyo tuliibeba wenyewe huku tukiwasubiri.

Kuhusu sababu zenu. Ya kwanza, oili "isiyo ya kampuni". Kitabu kinataka oili safi ya daraja la SJ au zaidi, SAE 30 kwa hali ya hewa ya kawaida. Hakitaji duka lenu. Tuliyotumia ni hiyo, risiti kumi na moja zimeambatishwa. Kosa letu moja nalikiri: oili ya kwanza ilitakiwa kubadilishwa saa ya 5, sisi tulibadilisha saa ya 7, kwa sababu tuliyoagiza ililala kwenye buti ya basi Makambako.

Ya pili, vumbi. Ni kweli, kuanzia Agosti hadi mvua zinapoanza vumbi letu jekundu halina adabu. Ndiyo maana sponji ya chujio la hewa ilioshwa kila saa 10 na karatasi yake imebadilishwa mara tatu. Vumbi likipita chujio huacha unga kwenye koo la kabureta na kukwaruza silinda tangu juu. Koo la kabureta yetu ni safi, mnakaribishwa kulipangusa kwa kitambaa cheupe. Mapezi ya kupoza chini ya kava nayo tuliyasafisha kila mwezi, maana nyasi zikijaa pale injini ya kupozwa kwa hewa huchemka bila kutoa taarifa.

Ya tatu, mteremko. Kitabu kinaruhusu nyuzi 15. Uwanja wa mpira ni tambarare, na kwenye mabweni, mahali palipoinuka kuliko pote mashine ilipopita, tumepima kwa bomba la maji la mafundi ujenzi: kila mita nne mbele, ardhi inapanda chini ya mita moja. Kwenye ukingo wa nyuma ya jiko, ambako ni mkali zaidi, wanafunzi hukata kwa fyekeo tangu shule ianze.

Kuna na lile la stata, ambalo barua yenu haikuligusa kabisa. Saa ya 31 ilianza kuzungusha nusu mzunguko na kugoma. Mkatuambia kwa simu ni betri. Tukanunua betri mpya. Ikagoma vilevile. Nilipofungua kava la valvu nikakuta uwazi wa valvu mojawapo ni milimita 0.25, karibu mara mbili ya kinachoruhusiwa. Injini hizi zina kidude kwenye kamshafti, shafti inayofungua valvu, kinachoinua valvu kidogo wakati wa kuwasha ili kupunguza mgandamizo. Uwazi ukizidi, unameza kile kiinuo chote na stata inabeba mzigo usio wake. Nikarekebisha kwa fila, vile vibati vya kupimia uwazi, na spana kwa dakika ishirini, ikawaka hata kwa betri ya zamani. Betri mpya tuliyoambiwa tununue bado ipo kabatini. Fundi wenu aliyeikabidhi mashine alikuwa ameweka tiki kwenye "valvu zimekaguliwa".

Limebaki moja, na ndilo lililoniudhi kuliko yote. Aya ya mwisho ya barua yenu inasema kwamba hata kama ubovu ungekuwa wa kiwandani, dhamana ya miezi 24 ni ya matumizi ya nyumbani, na kwa taasisi ni siku 90. Ndugu Meneja, profoma imeandikwa jina la shule. Risiti ina TIN ya shule. Cheki ilisainiwa na Mkuu wa Shule na mhasibu. Nani kati yenu alidhani tunaipeleka nyumbani kwa mtu? Kama mlijua ni taasisi, mlipaswa kutuambia siku 90 kabla ya kupokea hela, au mtuuzie injini iliyotengenezwa kwa kazi. Injini za namna hiyo zipo. Kibandiko cha moshi kilichobandikwa kwenye hii yetu, kwa taratibu za Marekani, kinataja saa 250, daraja la chini kabisa kwa injini za ukubwa huu. Juu yake kuna la saa 500 na la saa 1,000. Najua saa hizo ni za moshi kubaki ndani ya kiwango, si ahadi ya uhai. Lakini zinaonyesha mtengenezaji aliifikiria ifanye kazi gani, na ninyi ndio mliochagua ije kwetu.

Wiki ile ilipokatika tulikuwa tunaandaa uwanja kwa michezo ya UMISSETA. Nyasi zilikuwa zimefika kifundo cha mguu. Wanafunzi walikata uwanja mzima kwa mafyekeo siku tatu baada ya vipindi, na golikipa wetu akacheza na malengelenge mikononi. Wazazi, ambao ndio waliochangia mashine hii, waliuliza kwenye kikao imeenda wapi. Nilijibu iko kwa mganga.

Tunachodai ni injini mpya ya aina ileile au bora, ikiwa imewekewa jeti ya mwinuko kabla ya kutoka Dar es Salaam, ifungwe na fundi wenu hapa na ijaribiwe uwanjani kwa mzigo, siyo ikiwa imesimama. Dhamana yake ianze upya na iandikwe wazi kuwa ni kwa shule. Mkishindwa, turudishieni fedha na mchukue mashine yenu. Gharama ya betri na oili tutaileta kwa hesabu tofauti. Tunawapa siku 21 tangu kupokea barua hii. Zikipita kimya, faili lote, pamoja na barua yetu ya kabla ya kununua, litakwenda Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Injini iko karakana chini ya turubai, na vipande vya konrodi viko kwenye kopo la maziwa, vitano kwa hesabu. Funguo ninazo mimi, Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili hadi saa kumi. Mkimtuma fundi, safari hii aje na fila na maikromita. Simu za kupigia picha tunazo.

Wako,

Msimamizi wa Viwanja na Karakana

Nakala: Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule