Babu yangu alikuwa mwalimu

Mhariri,

Nimesoma gazeti hili zaidi ya miaka thelathini na sijawahi kuwaandikia. Ila ile taarifa yenu ya Jumapili kuhusu askari wetu wa Vita vya Pili vya Dunia imeninyima usingizi. Eti walikuwa vijana wa vijijini wasiojua hata kuandika majina yao. Nani aliwaambia?

Babu yangu alifundisha shule ya misheni huko Maragoli. Daftari lake la mahudhurio ninalo hapa Kaloleni, ndani ya sanduku la bati la nyanya yangu, mke wake. Majina ya watoto yamepangwa kwa wino, alama kila siku, kisha katikati ya ukurasa mistari inabaki mitupu. Hapo ndipo alipokwenda jeshini. Kwa kuwa hesabu alizijua, alitiwa kwenye kikosi cha mizinga cha 301. Mzinga haulengwi kwa kubahatisha, Mhariri, unataka mtu wa pembe na masafa. Tarehe 12 Februari 1944 meli yao, Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani upande wa visiwa vya Maldives. Ilizama kwa dakika mbili hivi. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wengi wao askari wa Afrika Mashariki. Baba yangu alikuwa na miaka mitatu.

Mwaka juzi nilikwenda ofisi moja hapa mjini kuulizia kumbukumbu zake. Kijana wa mezani akajaza fomu mwenyewe, na penye kazi kabla ya jeshi akaandika "mkulima" bila kuniuliza. Nikamwambia, andika mwalimu. Akanitazama: "Mzee, enzi hizo nani alikuwa amesoma?" Nikamfungulia daftari pale pale juu ya fomu zake. Hakulitazama, akaita mtu wa nyuma yangu. Nyanya alikufa bila kuwa na kaburi la kupalilia. Alichobaki nacho ni ule mwandiko tu, akiufungua kila Krismasi na kuupangusa vumbi kwa leso, na leo mtoto wa juzi ananiambia haukuwepo, nanyi mnamuunga mkono gazetini!

Wajukuu wangu hupanda matatu za Kariokor kila siku. Niliwauliza jina hilo lilitoka wapi, wakanijibu habari za nyama choma. Hakuna aliyewafundisha kuhusu wapagazi wa vita vya kwanza, Carrier Corps, walioupa mtaa huo jina. Pale Kenyatta Avenue mpagazi huyo amesimama kwa shaba pamoja na askari, watu wamemwegemea wakisubiri wenzao. Mabasi ya shule hutoka mbali kuja kuona simba, yakarudi bila kusimama makaburi ya vita ya Ngong Road, ambako waliozama wameandikwa ukutani.

Naomba hivi: tarehe 12 Februari ijayo, tengeni ukurasa wa matangazo ya vifo. Chapisheni majina ya wale wa meli, hata kwa herufi ndogo, na kila familia iseme mtu wao alikuwa na kazi gani. La babu nitalileta mwenyewe pamoja na daftari, mpige picha ukurasa ule wa mwisho.

Mjukuu wa mwalimu,
Kaloleni, Nairobi