Malalamiko kuhusu rangi ya kuzibia michubuko ya gari iliyouzwa kwa namba isiyo yake

Jinja, Uganda

Kwa Meneja wa Mauzo,
Idara ya Rangi za Magari,
Kampala.

Bwana au Bibi Meneja,

KUH: SETI YA KUREKEBISHA MICHUBUKO YA RANGI, NAMBA 070

Naandika kulalamikia seti ya kuzibia michubuko ya rangi niliyoinunua katika duka lenu la Kampala kwa shilingi 95,000. Niliuziwa kwa maelezo kwamba ni rangi ya Toyota namba 070, lakini kwa ushahidi nitakaoueleza hapa chini, si rangi hiyo.

Gari langu ni Toyota Harrier nyeupe. Kila anayepita mara kwa mara katika barabara ya Jinja kwenda Kampala anajua jinsi malori ya mchanga na matrela ya miwa yanavyorusha kokoto. Mbele ya boneti palikuwa na michubuko kadhaa, mingi haizidi punje ya mtama, na michache imefika hadi kwenye bati. Kwa michubuko ya namna hiyo hakuna sababu ya kupeleka gari gereji likapigwe rangi boneti nzima, kwani mwenye subira huiziba mwenyewe nyumbani, mradi rangi anayoitumia iwe ndiyo ile ile ya gari. Muuzaji wenu alilijua hilo vizuri, kwa maana jambo la kwanza aliloniuliza lilikuwa namba ya rangi, nami nikamwonyesha picha ya kibandiko cha gari chenye namba hiyo. Aliisoma, akaingia ndani, akarudi na boksi lililoandikwa 070.

Sasa, namba 070 si nyeupe ya kawaida. Ni nyeupe ya lulu, ambayo hupakwa kwa hatua tatu: nyeupe ya chini, halafu tabaka jembamba linalopitisha mwanga lenye chembe za kung'aa, na mwisho klia ya kulinda yote. Mng'ao wake wote unatoka katika tabaka hilo la kati. Toyota ina nyeupe nyingine, namba 040, ambayo ni nyeupe tupu isiyo na chembe yoyote. Magari mawili ya rangi hizo yakipita barabarani, mtu wa kawaida anaweza kuyafananisha, na hatalaumiwa. Kwa muuza rangi anayeomba namba kabla ya kupokea pesa, jambo hilo halisameheki.

Ndani ya boksi mlikuwa na chupa mbili tu, moja ya rangi na moja ya klia. Chupa ya tabaka la kati haikuwemo, wala karatasi ya maelekezo haikuitaja popote. Praima nayo haikuwemo, ingawa karatasi hiyo hiyo inasema seti inafaa hata pale rangi ilipobanduka hadi kwenye bati. Bati tupu lisilopakwa praima litashika kutu chini ya rangi mpya, hasa katika mji kama huu wetu ulio kando ya ziwa. Praima niliinunua kwingine. Niliosha boneti, nikakwangua kutu kwa kipande kidogo cha msasa, nikafuta mafuta kwa spiriti, kisha nikadondosha rangi kwa ncha ya kijiti cha meno, tabaka jembamba juu ya jingine, nikiacha kila moja likauke kabla ya kuongeza.

Ukisimama mbele ya gari moja kwa moja, kazi inapita. Ukisogea ubavuni asubuhi, jua likiwa bado chini, boneti yote inameta isipokuwa pale nilipoziba: kila kitone kimekaa peke yake, cheupe na kikavu kama chokaa. Klia haikusaidia kitu, kwa sababu klia huongeza kung'aa kwa juu tu na haiwezi kuzaa chembe ambazo hazimo chini yake.

Hapo ndipo nilipoichunguza chupa yenyewe. Kona ya kibandiko ilikuwa imeanza kuinuka, nikaivuta taratibu kwa ukucha. Chini ya kibandiko chenye namba 070 kuna kingine, kilichochapwa vizuri zaidi, chenye namba 040. Picha zake nimeziambatanisha pamoja na risiti.

Nilipopiga simu ofisini kwenu, mhudumu aliniambia kwamba tofauti hiyo imesababishwa na kupaka rangi juani. Kazi yote niliifanya kivulini, chini ya paa la baraza. Isitoshe, jua kali huharakisha ukaukaji na linaweza kuacha mapovu au uso usio laini, lakini halibadilishi 070 kuwa 040. Jua hilo, nadhani, linawaka hata juu ya duka lenu, na kama lingekuwa na uwezo huo mngekwisha kulitaja kwenye boksi.

Kuna jambo jingine dogo katika karatasi ya maelekezo. Inamwambia mteja apake "tabaka moja nene". Rangi nene hukauka juu na kubaki laini ndani, na kadiri kiyeyushi kinavyotoka ndivyo inavyonywea na kuacha kilima pembezoni na shimo katikati. Sikuufuata ushauri huo, lakini wapo watakaoufuata.

Naomba mambo matatu: nirudishiwe shilingi 95,000 zote, mlipe gharama ya fundi wa kuondoa rangi isiyofaa bila kuharibu klia ya awali iliyo pembeni, na maboksi yote yenye kibandiko juu ya kibandiko yaondolewe dukani. Kama mna 070 halisi yenye chupa zake tatu, nitaipokea badala ya fedha za seti, lakini si badala ya gharama ya fundi. Tena mteja aambiwe mapema kwamba nyeupe ya lulu ni ngumu kuilinganisha hata kwa rangi iliyo sahihi, kwa kuwa tabaka la kati likizidi au kupungua kidogo rangi inabadilika. Mimi ningeinunua hata baada ya kuambiwa hivyo.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na hapa maelezo yalikuwa ni namba yenye tarakimu tatu tu. Nisipopata jibu la maandishi katika siku 14 tangu mpokee barua hii, nitaipeleka chupa pamoja na nakala ya barua kwa Shirika la Viwango la Uganda, katika makao yake makuu Bweyogerere.

Chupa ninayo mimi, na vibandiko vyote viwili vingali juu yake. Sitaituma kwa basi wala kwa mtu. Mwakilishi wenu anaweza kufika Jinja siku yoyote ya kazi, akaiona pamoja na boneti, ikiwezekana asubuhi.

Wako mwaminifu,

Mteja, Jinja