Risala ya wanafunzi wa Klabu ya Historia kwa mgeni rasmi: Kanisa la Mkunazini

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Mheshimiwa, klabu yetu mwaka huu tumeamua kusoma historia ya kanisa kuu la Anglikana pale Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, mana wengi wetu tunalipita kila siku tukienda sokoni na hatujui ndani kuna nini.

Pale ndo palikuwa soko la watumwa. Juni 1873 Sultan Barghash, akibanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kulifunga, na Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Sehemu ya kiwanja alitoa mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji, na saa ya mnarani inasemekana alitoa Sultan mwenyewe. Yani Mhindi katoa ardhi, Sultan Muislamu katoa saa, kanisa la Wakristo, sasa nani atasema historia hii si yake?

Msimamizi wa ujenzi alikuwa Askofu Edward Steere, na paa la kanisa kwa kweli linashangaza, ni kuba refu la zege la mawe ya matumbawe na saruji, halina boriti hata moja, watu walidhani litaanguka na mpaka leo lipo. Wazee wanasimulia kuwa siku askofu hayupo mafundi wakasimamisha nguzo fulani karibu na mlango juu chini, ziko hivo hivo hadi leo. Steere alifariki 1882, kazikwa nyuma ya altare. Mbele ya altare kuna duara la marumaru, hapo wanasema ndo palikuwa na mti wa kuchapia watumwa. Upo na msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, Zambia, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone, yule mmisionari na msafiri wa Kiskoti.

Nje kuna sanamu za watumwa shimoni, kazi ya Clara Sörnäs ya 1998, na minyororo ile ni ya kweli. Wengi wetu tulinyamaza pale.

Mheshimiwa, lipo linalotusumbua. Vile vyumba vya chini vya jengo la jirani wageni huambiwa watumwa walifungwa humo, lakini wapo wanahistoria wanaosema jengo lile ni la hospitali ya misheni, limejengwa baada ya soko kufungwa. Sisi tunaona mgeni aelezwe yote mawili, mateso ya wale watu hayahitaji kuongezewa chumvi.

Maombi yetu: tunaomba utusaidie usafiri, madarasa yote ya shule waende angalau mara moja, pia rekoda tukawahoji wazee wa Mkunazini wakati bado tunao, na utusemee huko juu kuta za mawe zipate matengenezo kwa chokaa, mana saruji inafungia unyevu ndani na mawe yanaoza.

Tunaomba kuwasilisha. Ahsante sana.