Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo: Mbaazi zimeshasafiri, hela imelala kwa nani?

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima. Sikuandikii hadharani kwa kupenda kelele. Ngazi za chini nimezimaliza nikitafuta hela ya mbaazi nilizouza. Katibu wa chama chetu cha msingi cha ushirika kasema niwaulize chama kikuu, kinachounganisha vyama vya msingi. Chama kikuu wamesema mnunuzi hajaingiza fedha. Benki wamesema wao wakiingiziwa hawalazi hela ya mtu. Afisa mwingine, ambaye nilimkuta anafunga ofisi saa saba mchana, kanishauri nivute subira. Subira nimeivuta mpaka imekatika, ndiyo maana nimefika kwako.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha Uchumi kidato cha tano na cha sita, na sasa nalima mbaazi na korosho huku Kusini. Wilaya siitaji, maana ni ndogo na jina langu linajulikana mpaka kwa wapima mizani. Rika lako ndilo nililolifundisha, kwa hiyo ukiona nakuuliza maswali kama mtihani, nivumilie.

Swali la kwanza ni jepesi. Mbaazi zangu zilipokelewa, zikapimwa, zikakatwa unyaufu, yaani uzito unaodhaniwa kupotea zikikauka, zikaingia ghalani. Zikauzwa mnadani kwa mtandao, bei ikasomwa kwenye kipaza sauti, na sisi wazee tukapiga makofi. Baada ya hapo malori yalikuja yakabeba. Kwa utaratibu tuliofundishwa kwenye mikutano yote ya uhamasishaji, mzigo hautoki ghalani kabla mnunuzi hajalipa. Malori yameondoka. Basi ama mnunuzi amelipa na hela imelala kwa mtu, ama mzigo umetoka bila kulipiwa na utaratibu ni hadithi. Lipi kati ya hayo mawili, Mheshimiwa? La tatu silioni.

Nimeambiwa pia kwamba huenda majina yamekosewa, akaunti hazisomani. Inawezekana. Ila jina langu lilikuwa sahihi kabisa siku ya makato. Vifungashio walinikata mimi, si mwingine. Mchango wa chama walinikata mimi. Kosa la tahajia linajitokeza pale tu hela inapotakiwa kuja upande wangu. Nakisia, kwa kuwa hakuna anayesema, kwamba fedha zetu huzibia deni la msimu uliopita, halafu msimu ujao nazo zitazibia za mwaka huu. Kama nakosea, atoke mtu na taarifa ya benki anisahihishe. Nitamshukuru hadharani kama ninavyolalamika hadharani.

Sasa niingie kwenye sheria, maana naona mara nyingi tunaambiwa "mfumo" kana kwamba umeshuka na mvua. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ni Namba 10 ya mwaka 2005. Nimeisoma, na wazo lake nalipenda. Mkulima anaweka mzigo kwenye ghala lenye leseni, anapewa karatasi ambayo yenyewe ni mali. Bei ikiwa mbaya anasubiri. Akibanwa na shida anaipeleka karatasi benki, anakopeshwa, huku mzigo wake uko salama. Anauza anapotaka yeye. Yaani sheria ilitaka kumpa mnyonge kitu ambacho tajiri anacho siku zote: muda.

Kilichotufikia kijijini ni nusu ya sheria hiyo. Ghala tumepewa, mnada tumepewa, makato tumepewa kwa wingi. Muda tumenyang'anywa. Hakuna mkulima ninayemfahamu hapa aliyekopa kwa stakabadhi yake. Hakuna anayeamua auze mnada huu au ujao kwa hesabu zake mwenyewe. Tunaitwa mkutanoni, tunasikia bei ya juu na ya chini, tunanyoosha mikono. Na kuuza nje ya hapo ni kosa. Chombo kilichotungwa kimpe mkulima hiari kimegeuzwa mlango mmoja, na mlangoni kuna mgambo.

Kuhusu mgambo huyo, nisimulie kilichotokea juzi, ndicho kilichonikalisha niandike. Nilimpa kijana wa bodaboda viroba viwili vya mbaazi ampelekee dada yangu mji wa jirani. Dada ana arobaini ya mumewe, watu watakula. Kijana akasimamishwa kwenye geti la ukaguzi wa mazao. Akaambiwa mbaazi ni zao la mfumo, haliruhusiwi kutembea. Akaeleza kwamba ni chakula cha msiba. Akaulizwa kibali cha msiba. Viroba vikashushwa, kijana akashikiliwa hadi jioni, pikipiki ikatozwa faini. Viroba vyangu vilipochukuliwa, kijana hakupewa hata stakabadhi.

Nikukumbushe, Mheshimiwa, mwaka 2017 Serikali hii hii ilisimama bungeni ikasema mzigo wa mazao usiozidi tani moja usitozwe ushuru ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine. Tulishangilia. Wakati ule walikuwa wanaitoza mbaazi. Sasa hawaitozi, wanaichukua yote. Sijui kama hayo ndiyo mazingira bora ya biashara yaliyoahidiwa kwenye ule mpango wa mwaka 2018, ambao nao ulikiri kwamba vyombo vya udhibiti vimekuwa vingi na vinagongana.

Mwaka huo huo wa 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3, na sheria inasema mlipaji ni mnunuzi. Hapa naomba univumilie kidogo, ni somo langu. Sheria inaweza kuandika jina la mlipa kodi, lakini haiwezi kuamua nani ataumia. Anaumia asiye na pa kukimbilia. Mnunuzi anayekaa Dar es Salaam au Mumbai anajua atalipa ushuru, ghala, usafirishaji na mengineyo. Anavitoa vyote kichwani kabla hajaandika bei yake mnadani. Akiona havilipi, anahamia Msumbiji au Malawi, nako mbaazi zipo. Mimi shamba langu halihami. Kwa hiyo ile asilimia 3 ya "mnunuzi" naitoa mimi, pamoja na zile shilingi kadhaa za kila kilo zinazokwenda kwa huyu na yule. Kila mara mnapoongeza mdau kwenye mnyororo wa thamani, neno mnalolipenda sana, mnaongeza mtu wa kulishwa na kilo yangu ile ile.

Mwaka 1971 mwanauchumi mmoja wa Chicago, George Stigler, aliandika kwamba udhibiti wa Serikali mara nyingi hutafutwa na wenye biashara yenyewe na huishia kuendeshwa kwa faida yao. Mmoja wa mifano yake ulikuwa sheria za uzito wa malori Marekani. Sababu aliyoitoa mtu yeyote wa hapa anaielewa bila kwenda shule: wachache wanaopata kingi hujipanga, wengi wanaopoteza kidogo kidogo hawana muda wa kujipanga. Shilingi 10 kwa kilo kwangu ni kero ya kunung'unika kahawani. Kwa anayekusanya shilingi 10 hiyo kwenye tani 1,000 ni shilingi milioni 10, na yuko tayari kupanda basi hadi Dodoma kuitetea. Unapokutana na "wadau", Mheshimiwa, angalia nani amelipiwa hoteli.

Nisieleweke vibaya. Sisemi turudi kwa kangomba na chomachoma, wale wachuuzi wanaonunua mazao kijijini kwa magendo na kwa bei ya kutupa. Nimewaona wakipima kwa bakuli lao, nimeona lumbesa inayofungwa kwa kamba mpaka gunia linakuwa na kichwa. Mnada ulipoanza kwenye korosho wanunuzi walishindana, na msimu wa 2017 kilo ilivuka shilingi 4,000. Hilo silisahau. Wala bei sikulaumu wewe. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zote zinazoingia kutoka nje, na hapa kwetu bei ikaporomoka, wengine wakaziacha shambani zikaukia huko huko. Lile lilikuwa la Delhi. Kuchelewa kulipwa si la Delhi.

Na hapa ndipo penyewe. Hela ya mbaazi kwetu si ya kuweka. Mbaazi ndiyo inayolipa vibarua wa kusafisha chini ya mikorosho kabla korosho hazijaanza kudondoka. Mwaka huu vibarua wamekuja, wameangalia shamba, wameuliza hela, wameondoka. Mjukuu wangu amepangiwa chuo, mkopo haukufika ada yote, tarehe ya kuripoti haisubiri chama kikuu. Mama watoto ameuza mbuzi. Mimi nina pensheni, nasaga meno nayo. Jirani yangu hana. Kwake alikuja mtu na pikipiki jioni, mstaarabu sana, na hela taslimu mfukoni. Akamlipia vibarua, akamwachia na ya chumvi. Atarudi kuchukua korosho, kwa bei ambayo ni chini ya nusu ya mnada wa mwaka jana.

Huyo ndiye kangomba, Mheshimiwa. Yule mliyemtungia makosa, mliyemwekea mageti, mliyemtumia mgambo. Mnamfukuza mchana, usiku mnamtengenezea wateja. Hakuna mkulima mwenye akili anayeuza korosho ikiwa ua kama hela yake ya mbaazi imeingia kwenye simu. Mnapambana naye barabarani wakati anazaliwa kwenye akaunti za vyama.

Na sheria yenyewe angalia ilivyokaa. Mimi nikitorosha kiroba, kuna faini, kuna mahabusu, kuna kiroba kuchukuliwa. Aliyekaa na hela yangu akipitisha wiki, kuna nini? Kila msimu tunatangaziwa kwamba mkulima atalipwa ndani ya siku chache. Sijawahi kusikia mtu aliyeulizwa zilipopita. Kuchelewesha ni bure, kwa hiyo kunafanyika sana. Tena si bure, kuna faida: hela ya watu elfu ikilala wiki tatu kwa mtu mmoja haikosi kazi ya kufanya.

Msiniambie ni ugeni wa mfumo. Mwaka 2018 Serikali yenyewe iligeuka mnunuzi. Wakulima wa korosho tulikuwa tumegomea bei zisizofika shilingi 3,000 kwa kilo, Rais Magufuli akatangaza 3,300, jeshi likaja kubeba. Tulilia kwa furaha. Halafu ukaja uhakiki wa wakulima na mashamba yao, na wako waliosubiri hela hiyo mpaka mwaka wa pili. Hata hapo hakuna aliyelipa senti moja ya riba kwa kuchelewa. Ingekuwa mimi nimekopa pembejeo nikachelewa hivyo, mngepiga mnada bati.

Sasa ninachoomba. Nilikuwa na orodha, nimeifuta. Viroba vya dada yangu virudi, vizuri, lakini si hicho. Mageti yatolewe, vizuri. Makato yabandikwe ubaoni shilingi kwa shilingi, vizuri sana. Ila kama utafanya jambo moja tu kabla ya minada ya korosho, naomba liwe hili: andika tarehe ya mwisho ya mkulima kulipwa, ihesabiwe kuanzia siku mzigo ulipotoka ghalani, na andika riba ya kila siku inayopita. Riba hiyo ilipwe na yule aliye na hela mkononi, itoke kwenye ushuru wake na posho zake, isirudi kukatwa kwenye kilo yangu kwa jina jingine.

Tamko sitaki. Matamko tunayo, tena ya kwenye majukwaa, yenye vigelegele. Nataka kanuni yenye namba na saini, iliyochapishwa kwenye Gazeti la Serikali, ambayo nikienda nayo mahakama ya mwanzo hakimu ataisoma. Wizara yako imetuahidi kilimo kinachokua kwa asilimia 10 ifikapo 2030. Ni jambo jema. Mimi nitaridhika na hela yangu ya mwaka huu kuingia mwaka huu.

Tarehe na riba, Mheshimiwa. Wanasheria wako hawatahitaji zaidi ya ukurasa mmoja.

Na kama kuna mtu ataona barua hii akaamua kunilipa kesho peke yangu ili ninyamaze, nitapokea, maana ni jasho langu. Barua itabaki pale pale.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu na mkulima, Kusini