Jumamosi: bangili za Kusadikika

Habari za jioni wapendwa. Kura za kuchagua kitabu cha kutupa wazo la mapambo zimehesabiwa na Kusadikika imeshinda, ile riwaya ya Shaaban Robert kuhusu nchi ya angani. Poleni mliotaka Adili na Nduguze, kitabu chake kingine, manyani yenu yasubiri zamu. Tukutane Jumamosi saa nane mchana, barazani pale pale.

Tutatengeneza bangili yenye shanga kubwa sita, moja kwa kila mjumbe ambaye Karama, mshtakiwa katika riwaya, alimsimulia alipokuwa akijitetea mbele ya baraza la Kusadikika. Rangi chagua mwenyewe, ila uwe na sababu, nitauliza! Mimi mjumbe aliyetumwa ardhini nimempa kahawia iliyoungua, kama chungu kilichotoka motoni, na aliyetumwa mbinguni bado ananisumbua, maana bluu kila mtu ataikimbilia.

Tafadhali msije na uzi wa cherehani. Shanga za kioo zina kingo kali kwenye tundu, zinaukata taratibu mpaka siku moja zinamwagika zote kwenye daladala. Leteni uzi wa nailoni. Pima mkono, ongeza sentimita 2 za nafasi, kisha acha kama sentimita 10 kila upande za kufungia. Fundo likishakaza, tone moja la gundi, subiri likauke ndipo ukate ncha.

Wanaotaka hereni nitakuja na waya wa shaba na msasa. Koleo ziko mbili tu, mwenye yake aje nayo.

Mchango wa chai ni ule ule. Watoto wanakaribishwa, ila wanaotambaa wakae mbali na mkeka wa shanga.