Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: maji yapimwe kabla mtambo haujafika

Mheshimiwa Waziri,

YAH: LESENI ZA GESI YA SHELI NA VIPIMO AMBAVYO BADO HAVIJACHUKULIWA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Ndivyo tulivyofundishwa kuanza barua za kikazi, na kwa miaka yote niliyokaa maabara nikipima maji ya visima nimeandika maneno hayo mara nyingi, nikiomba chupa, barafu, mafuta ya gari. Leo ombi langu limekua. Kabla hujatia saini leseni ya kwanza ya kupasua miamba, naomba pawepo mezani kwako takwimu za maji, hewa na mitetemo ya ardhi zilizokusanywa wakati eneo lile halijaona mtambo hata mmoja. Na takwimu hizo wananchi nao wazione.

Gesi hii ya sheli si geni kwako. Ni methani iliyonaswa ndani ya miamba ya tope lililogandamana, kilomita moja hadi kadhaa chini ya ardhi. Kisima huchimbwa wima, kikifika kwenye tabaka lenyewe hupindishwa na kwenda ulalo, kisha maji yaliyochanganywa na mchanga na kemikali husukumwa kwa nguvu hadi mwamba unapasuka na gesi inatoka. Kwa hesabu za Idara ya Jiolojia ya Marekani, kisima kimoja kinaweza kutumia kuanzia lita milioni 6 hadi kama milioni 60. Sehemu ya maji hayo hurudi juu yakiwa na chumvi kali na, penginepo, radiamu, elementi yenye mnururisho, iliyokuwa imelala huko chini.

Sasa nikupeleke Pennsylvania, Marekani. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha vipimo vya visima 68 vya maji ya kunywa, kaskazini mashariki mwa jimbo hilo na sehemu jirani ya New York. Visima vilivyokuwa ndani ya kilomita moja kutoka kwenye machimbo ya gesi vilikuwa na methani mara 17 zaidi, kwa wastani, kuliko vilivyokuwa mbali. Wachimbaji walijibu papo hapo: methani imekuwamo kwenye maji ya huku tangu enzi za mababu. Na jibu hilo, Mheshimiwa, lilikuwa na ukweli ndani yake. Kuna visima huko vilivyotoa gesi kabla ya mchimbaji yeyote kutia mguu. Lakini vipi? Kiasi gani? Kisima cha nani? Hakuna aliyekuwa na karatasi ya miaka ya nyuma ya kuonyesha.

Watafiti walirudi, na mwaka 2013 wakatoa matokeo ya visima 141. Safari hii nyumba zilizo ndani ya kilomita moja zilikutwa na methani mara sita zaidi, na gesi nyingine, ethani, pia. Ethani ndiyo inayonifanya mimi nikae vizuri kitini. Vijidudu vya kwenye kinamasi vinatengeneza methani, ila ethani kwa kiasi cha maana haviwezi. Hiyo hupikwa na joto la chini sana ardhini. Mwaka uliofuata uchunguzi mwingine ulielekeza kidole kwenye saruji mbovu na mabomba yaliyovuja ya visima vya gesi. Nyufa za kule chini kilomita mbili hazikuhusika. Hitilafu kama hiyo mkaguzi makini anaweza kuikamata, alimradi apewe gari na mamlaka ya kusimamisha kazi.

Miaka hiyo yote ya mabishano, na familia zikinywa maji ya chupa, ilitokana kwa sehemu kubwa na kukosekana kwa kipimo kimoja cha kabla. Hata Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilikwama hapohapo. Rasimu yake ya mwaka 2015 ilisema haikuona ushahidi wa madhara yaliyoenea kwenye maji ya kunywa. Wanasayansi washauri wakauliza sentensi hiyo imesimamia takwimu gani, na katika ripoti ya mwisho ya Desemba 2016 ikaondolewa. Kilichobaki ni kwamba maji yanaweza kuathirika katika mazingira fulani, na kwamba takwimu hazitoshi kusema ni mara ngapi.

Utaambiwa kupima ni kazi ya siku moja: kijana anapita na chupa, anajaza, anaondoka. Hapana. Methani hutoroka. Ukijaza chupa ukaacha hewa juu, gesi inapanda humo na unaipoteza ukifungua kifuniko; ukiiacha juani garini, umebeba maji tu. Halafu kisima hichohicho hutoa jibu moja wakati wa mvua na jingine kiangazi, jibu moja asubuhi kikiwa kimetulia na jingine jioni baada ya pampu kufanya kazi mchana kutwa. Ndiyo maana naomba angalau mwaka mzima, na ikiwezekana miwili. Pamoja na methani na ethani zipimwe kloridi, bromidi, bariamu, strontiamu na radiamu, kwa sababu hizo ndizo alama za vidole za maji ya chini. Anayeleta jedwali la siku moja na kuliita hali ya awali anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Linawezekana. Uingereza, Idara ya Jiolojia ilianza mwaka 2015 kupima maji, hewa na mitetemo huko Lancashire na Yorkshire Kaskazini kabla ya upasuaji wa miamba uliokusudiwa. Ilisaidia. Agosti 2019 tetemeko la ukubwa wa 2.9 lilipotokea karibu na Blackpool, hukohuko Lancashire, hakuna aliyebishana kwa muda mrefu kuhusu chanzo chake, na Novemba mwaka huohuo serikali ikasitisha kazi. (Septemba 2022 ikaruhusu tena, Oktoba ikakataza tena, hayo ni ya wanasiasa, siyaingilii.) Oklahoma, Marekani, kwa upande mwingine ilizoea matetemeko kama mawili kwa mwaka yenye ukubwa wa 3 au zaidi. Mwaka 2015 yalifika takriban 900. Chanzo kikubwa kilikuwa maji machafu ya visima vya mafuta na gesi yaliyokuwa yakirudishwa ardhini kwa wingi, kuliko upasuaji wenyewe. Kwa hiyo ukimuuliza mchimbaji kuhusu kupasua tu, atakujibu kwa ukweli mtupu na bado utakuwa hujajua kitu. Muulize maji yanakwenda wapi.

Kuna utafiti mmoja ambao ningependa uusome mwenyewe, usisubiri muhtasari wa wasaidizi. Ulichapishwa mwaka 2017 na uliangalia zaidi ya watoto milioni 1.1 waliozaliwa Pennsylvania kati ya 2004 na 2013. Kwa akina mama walioishi ndani ya kilomita moja kutoka kwenye kisima kilichopasuliwa, uwezekano wa kujifungua mtoto mwenye uzito pungufu uliongezeka kwa asilimia 25. Kuanzia kilomita tatu dalili zilikuwa hafifu sana. Unajua kwa nini hapa jibu lilipatikana wakati kwenye maji lilichelewa? Vyeti vya kuzaliwa vilikuwapo. Makarani wa hospitali walikuwa wameandika uzito wa kila mtoto, na anwani ya mama, miaka kadhaa kabla gesi haijaanza, bila kujua kwamba wanafanya utafiti. Daftari la wodi ya wazazi lilifanya kazi ambayo daftari la visima halikuwapo kuifanya.

Kwa mantiki hiyohiyo, ziandikwe kodi za nyumba, idadi ya malori barabarani, ajali, wagonjwa wa pumu, bei ya mashamba. Wageni wenye mishahara minono wakimiminika, mwenye nyumba hufurahi na mpangaji hufungasha. Jirani aliyekodisha shamba lake kwa kampuni na jirani aliyekataa wataacha kusalimiana, na hilo sijui utalipima kwa kifaa gani, ila mtafiti wa jamii anayekaa pale muda wa kutosha ataliandika. Naomba pia upige marufuku jambo moja: fidia inayolipwa kwa sharti la kunyamaza. Marekani yamefikiwa makubaliano ya namna hiyo, mtu analipwa na majibu ya maji yake yanafungiwa kabatini. Kila anayenyamazishwa ni kisima kimoja kilichofutwa kwenye ramani ya mtafiti.

Nani apime? Fedha zitoke kwa mchimbaji, sina tatizo, lakini zipitie mfuko asioushika yeye, na asichague mtafiti. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin kilitoa ripoti iliyosema hakuna ushahidi kwamba upasuaji unachafua maji ya ardhini. Baadaye ikajulikana kwamba profesa aliyeisimamia alikuwa kwenye bodi ya kampuni ya kuchimba gesi na hakusema. Jopo huru likaikosoa, ripoti ikaondolewa. Huenda baadhi ya yaliyomo yalikuwa sahihi kabisa. Nani angeamini tena?

Najua utakachoambiwa na wenye haraka: gesi ipo, mabilioni yapo, kila mwezi wa kupima ni mwezi wa hasara. Poland iliambiwa hivyo. Mwaka 2011 makadirio ya Marekani yaliipa mita za ujazo trilioni 5.3. Machi 2012 taasisi ya jiolojia ya Poland yenyewe ilihesabu upya na kusema kinachoelekea kuwapo ni kati ya bilioni 346 na 768. Kampuni kubwa zikafungasha moja baada ya nyingine. Mwamba umesubiri mamilioni ya miaka, misimu miwili ya mvua hautauumiza.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ikiwa leseni imeshachapwa na kalamu iko mkononi, ombi langu ni iwekwe kwenye droo. Toa agizo la kupima, litaje visima kwa idadi na kwa majina ya vijiji, lipe maabara ya umma bajeti ya chupa na barafu, na liseme siku ambayo matokeo yatabandikwa ofisi ya kijiji kabla hayajafika kwa kampuni. Mimi nimestaafu, lakini mikono yangu haijasahau kufunga chupa bila povu la hewa. Nikiitwa, nitakuja.

Wako mtiifu,
Fundi mstaafu wa maabara ya maji