Theluji wamepewa, na upepo wa kusi je?

Mhariri,

Mjukuu wangu yuko Kidato cha Tatu, na likizo hii ya Desemba amerudi na rundo la karatasi za mazoezi ya tamathali za usemi. Mada ni moja tu, mwanzo hadi mwisho: majira ya baridi. Theluji imetandika blanketi jeupe juu ya mapaa. Miti imesimama uchi ikitetemeka. Upepo unapiga mbinja dirishani. Kazi ya mwanafunzi ni kutaja jina la kila tamathali, basi. Na haya anayafanyia hapa Langoni, Lamu, upepo wa kaskazi umeshika, usiku hatulali kwa joto.

Sijaandika kulalamika kwamba theluji ni mambo ya Ulaya. Mtoto na asome habari za kila nchi. Ujana wangu niliumalizia melini, na theluji nimeikuta Rotterdam na Hamburg. Tena watakuwepo wa kuniambia kwamba theluji tunayo hapa hapa Kenya, juu kule mlimani kwenye mita 5,199. Ni kweli, ingawa simjui mtu wa Lamu aliyekwenda kuikanyaga. Linalonikera ni jingine: kijana amepata alama zote, na alichokiandika hakijui.

Nilimuuliza, kwa nini theluji iitwe blanketi? Akajibu, "Kwa sababu inafunika, Babu." Nikamwambia hata turubali hufunika, hata mchanga hufunika, mbona mwandishi hakuyataja hayo? Akanyamaza.

Mimi nauza samaki, na barafu ndiyo kazi yangu ya kila alfajiri. Nikampeleka kwenye kasha. Barafu yetu tunaifunika kwa magunia, na ile iliyofunikwa hukutwa bado imeshikana wakati iliyoachwa wazi imekwisha kuwa maji. Nikamuuliza, gunia hili linatia baridi? Hapana. Linatia joto? Hapana. Akalishika, akaligeuzageuza, kisha akasema linazuia joto la nje lisiingie. Nikamwambia, sasa rudi kwenye blanketi lako. Mtu akijifunika, blanketi halimpi joto, linazuia la mwili wake lisitoke. Na theluji ni hivyo hivyo. Ndani yake imejaa hewa, ikilala juu ya shamba la ngano huikinga mizizi na baridi kali, hata wakulima wa nchi zile huogopa zaidi baridi inayokuja bila theluji. Huenda aliyeiita blanketi mara ya kwanza alikuwa mkulima, wala hakuwa akipamba maneno. Yote haya yamo katika sentensi moja ya ile karatasi, na karatasi inataka aandike "istiara", yaani kukiita kitu kwa jina la kingine, na kuvuka kwenda swali la pili.

Hapo hapo kijana akaona la kwake. Kasha likifunguliwa alfajiri hutoka kitu cheupe ambacho sisi sote twakiita moshi. "Barafu inafuka moshi": istiara, alama moja. Lakini aliutazama akaona unashuka. Unamwagika ukingoni mwa kasha, unatambaa sakafuni hadi miguuni, ilhali moshi wa jikoni hupanda. Akaniuliza kama basi waliousema hivyo wamekosea. Nilifurahi kwa swali lile kuliko kwa alama zake zote. Mlinganisho hushika mahali na huachia mahali, na mwanafunzi mkubwa anapaswa kuulizwa hayo mawili. Kutaja jina la tamathali tuwaachie wa darasa la nne. Huyu ambaye ndevu zimeanza kumchipua apewe sentensi aitetee, au aipinge.

Kwa sasa wanafundishwa kusaka neno "kama". Wakiliona tu, kalamu inaandika tashbihi, yaani mlinganisho wa "kama". Nilimwandikia, "Kama kusi ikitulia kesho, tutatoka." Akaandika tashbihi! Nikamwandikia, "Amewahi kufanya kazi kama nahodha." Tashbihi tena. Hapo pamelinganishwa nini na nini?

Hiyo miti iliyo uchi sina ugomvi nayo. Mibuyu ya bara hukaa bila jani miezi mingi ya ukame, na mtoto yeyote wa huku ameiona. Mwalimu angeanza na mbuyu, kisha akavuka kwenda Ulaya, somo lingekuwa na miguu.

Na majira makali si hayo ya Ulaya peke yake. Kaskazi ikiondoka, kusi huingia kuanzia Aprili pamoja na masika, na Juni hadi Agosti huwa kali hata vyombo vidogo havithubutu kutoka nje ya miamba. Wavuvi hubaki ndani, kwenye mikono ya bahari na mikoko. Kasha langu huwa nusu tupu na bei hupanda, na kila mteja huniona mwizi. Asubuhi wazee huvaa sweta. Msikilize mvuvi yeyote bandarini miezi hiyo: bahari imechafuka, kusi imetukatalia, mawimbi yamesimama. Tashihisi hizo, za kukipa kitu tabia ya mtu, anazitoa bila karatasi. Tuna methali isemayo mwenda tezi na omo, yaani nyuma na mbele ya chombo, marejeo ni ngamani. Mjukuu wangu anaijua kwa moyo, aliikariri kwa ajili ya mtihani, lakini ilibidi nimpeleke kwa mafundi wa majahazi Matondoni ili aone ngama ni wapi, kule chini kabisa chomboni maji yanakokusanyika. Kuna haja gani ya kumuuliza maana ya nje na maana ya ndani kabla hajaona chombo?

Nina ombi kwa ukurasa wenu wa elimu. Kabla shule hazijafunguliwa Januari, tungeni zoezi la majira mawili pamoja, theluji upande huu na kusi upande huu, walimu walipate kote nchini. Maswali yawe ya kumtoa mtu jasho. Theluji ni blanketi: taja mambo mawili yanayofanana na moja lisilofanana. Kusi imetukatalia: nani amekataa, amekataa nini, na ni kwa nini mvuvi asiseme tu kwamba upepo ni mkali? Na kuna baharia wa Rotterdam ambaye hajawahi kuiona kusi: utamweleza kwa tamathali gani, na utamwonya kwamba inaachia wapi?

Mchuuzi wa samaki,
Langoni, Lamu